Kumbukumbu Zisizolingana

Siku ya kwanza kazini nilipewa taipureta, bisibisi na kitambaa cheupe, nikaambiwa niifungue. Hakuna aliyeniuliza jina. Karakana ilikuwa Changamwe, kando ya barabara ya kwendea uwanja wa ndege, chumba kirefu chenye paa la mabati lililotetemeka kila ndege ilipopita. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Mimi nilikuwa msichana wa Bofu, Likoni, niliyevaa buibui, na cheti cha elektroniki mkobani ambacho hakuna aliyetaka kukiona. Mafundi wengine wote walikuwa wanaume.

Aliyenipa kazi ile alikuwa Fundi Mkuu. Jina lake Mzee Wafula, mtu wa bara aliyekaa pwani muda mrefu hata Kiswahili chake kikawa nusu cha kwao, nusu cha kwetu. Alisimama nyuma yangu akinitazama nikitoa skurubu moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule niliozitoa. Nilipomaliza, akashika ncha mbili za kitambaa akakivuta. Skurubu zote zikachanganyika.

"Sasa irudishe," akasema.

"Lakini Fundi, umezivuruga."

"Mteja naye atazivuruga. Paka wa mteja atazivuruga. Irudishe."

Ilinichukua mpaka alasiri. Herufi moja ilikataa kurudi chini kila ilipopigwa. Akaja, akaugusa mkono wa herufi ile kwa kidole, akaupinda kidogo tu, ikashuka. Hakusifu wala hakulaumu. Alisema, "Kesho uje mapema," na hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho yangu katika kazi niliyoifanya mpaka kichwa kikajaa mvi.

Nyinyi vijana mnatembea na kompyuta mfukoni, na ikiharibika mnanunua nyingine. Sisi kazi yetu ilikuwa kuzuia kitu kisitupwe. Miaka ya kwanza ilikuwa ya taipureta: kubadilisha utepe wa wino, kusugua meno ya herufi yaliyoziba kwa vumbi na jasho la vidole. Kisha zikaja taipureta za umeme, kisha teleksi, na muongo ule ulipofika katikati, zikaja kompyuta. Ofisi iliyokuwa na kompyuta iliitengea chumba chake na kiyoyozi chake, na kabla ya kuingia ulivua viatu mlangoni kama uendaye msikitini. Makarani waliotokwa na jasho siku nzima walikuwa wakitafuta visingizio vya kuingia mle kupoa.

Nilipelekwa kwanza ofisi za mawakala wa mizigo kule uwanja wa ndege, chini ya Msimamizi wa Zamu ambaye hakuwahi kunena neno bila kutazama saa. Baadaye nikahamishiwa tawi la Kisauni. Huko Msimamizi wa Tawi alikuwa mtu mpole aliyeogopa umeme tuli kuliko nyoka. Umeme tuli ni ule unaojikusanya mwilini ukikaa juu ya kiti cha nailoni. Wewe huuhisi, lakini chipu ikiguswa nao hufa papo hapo. Basi Msimamizi alitulazimisha tushike chuma cha kasha la kompyuta kila mara kabla ya kutia mkono ndani, na asipoona tumeshika alipiga kelele, "Shika chuma! Shika chuma!" mpaka majirani wakampa jina hilo. Mpaka leo siwezi kufungua hata redio bila kushika chuma kwanza.

Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapewa Likoni. Kampuni ilikuwa na chumba kidogo upande wetu wa kivuko, nami nikawa fundi wa pekee wa eneo lote: zahanati, maofisi, shule. Nilishukuru. Miaka yote ile nilikuwa nikivuka asubuhi na kuvuka jioni, nikifika nyumbani miguu imevimba na watoto wamekwisha kulala.

Hapa sina budi kueleza jambo la kumbukumbu, kwa kuwa ndilo lililotuletea maneno.

Kompyuta ina mahali pa kuweka kazi yake wakati inafanya, na mahali hapo ndipo tunapopaita kumbukumbu. Siku zile kumbukumbu ilikuja katika vipande vyembamba, urefu wake kama kidole cha shahada, vimepangwa chipu ndogo nyeusi kwa mstari. Mashine za wakati ule zilikula vipande hivyo vinne vinne. Vinne vya kwanza tuliviita benki ya kwanza, vinne vilivyofuata benki ya pili. Katika benki moja vyote sharti vilingane. Ukitia kikubwa kimoja na vidogo vitatu, mashine haiamki. Lakini benki na benki ziliweza kutofautiana. Ungeweza kuwa na vikubwa vinne mbele na vidogo vinne nyuma, na mashine ikiwashwa huhesabu zote, ikakuandikia jumla yake kwenye kioo. Mteja akiona hesabu imeongezeka, hufurahi.

Fundi alitakiwa atazame zaidi ya hesabu. Vipande havikulingana kasi. Vingine vilikuwa vyepesi kujibu, vingine vizito, na mashine haina subira. Ikiuliza na jibu likachelewa, huchukua chochote ilichokikuta. Tena, vipande vizuri vilikuwa na chipu tisa. Nane zilibeba kazi na ya tisa ilizisimamia. Moja kati ya nane ikibadilika, ya tisa hupiga kelele na mashine husimama. Vipande rahisi vilikuwa na nane tu. Ukichanganya vya tisa na vya nane, mashine hulalamika, na njia ya kuinyamazisha ni kuingia ndani ya mipangilio yake na kuuzima usimamizi wote. Hapo inanyamaza kweli. Lakini tangu siku ile, ikikosea haitasema.

Mwaka wangu wa pili Likoni mume wangu alifariki. Alikuwa mfanyakazi wa bandarini, akaugua kifua, hakukawia. Nikakaa eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Meneja wa Huduma, aliyekuwa juu yetu sote kule Changamwe, hakupenda. Alisema kampuni haiwezi kumngoja mtu miezi minne, atafutwe fundi mwingine wa Likoni.

Aliyesimama ni Fundi Mkuu. Mzee Wafula alikuwa Mkristo, na sidhani kama alijua vizuri eda ni nini. Alikuja kwetu Bofu kutoa pole, akaketi barazani na kofia mkononi.

"Kaa mpaka umalize desturi yenu," aliniambia kupitia mlangoni. "Likoni nitaishika mimi."

"Fundi Mkuu, na kazi zako za Changamwe?"

"Hizo zitasubiri. Wewe una watoto."

Basi mtu yule, umri wake ule, akawa anavuka kivuko kuja kufanya kazi yangu juu ya kazi yake. Nilimwombea Mungu kila sala.

Eda ilipokwisha, nikarudi kazini. Wiki ile ile nikaenda kuzungukia mashine za shule moja ya watoto wasioona, ambayo sitaitaja jina. Shule hiyo ilikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na mashine ya kuchapa breli, yaani maandishi ya nukta nundu ambayo kipofu huyasoma kwa ncha za vidole. Vitabu vya masomo vya maandishi hayo vilikuwa haba kama mvua ya Januari. Shule ikawa inajipigia vyake: mpiga taipu anaandika kitabu kizima kwenye kompyuta, kisha mashine inakitoboa kwenye karatasi nene.

Mpiga taipu huyo alikuwa Rukia, mwanamke wa Mtopanga, Kisauni, aliyevuka mji mzima kila siku kuja kazini. Nilikuwa nikimjua kwa ucheshi na kwa halua aliyonifichia kwenye droo. Siku ile nilikuta kiti chake kitupu.

Aliyekuwamo ni Maalim Badi. Huyu alikuwa mwalimu, naye haoni tangu utotoni. Kazi yake ya ziada ilikuwa kusoma kila ukurasa uliochapwa na kukamata makosa kabla haujawafikia watoto.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira kwa msiba. Keti."

"Rukia yuko wapi?"

Akatia mikono mapajani. "Wamemfukuza."

Akanieleza. Shule ilikuwa imepata programu mpya ya kugeuza maandishi kuwa breli, na programu hiyo ilitaka kumbukumbu zaidi ya ile iliyokuwamo. Karakana yetu ikaongeza. Baada ya hapo makosa yakaanza. Maalim alipoyaona, aliyasema. Rukia akarudia. Yakatokea mengine, mahali pengine. Kitabu cha sayansi kikatoka kwa haraka bila kusomwa chote, kwa sababu mtihani ulikuwa karibu, na mtoto mmoja akaandika kwenye jibu lake kwamba binadamu hawezi kuishi bila chakula, maji na lewa.

"Lewa?" nikauliza.

"Lewa. Hivyo ndivyo kitabu kilivyomfundisha. Hewa imekuwa lewa. Wenzake wakamcheka, akalia siku nzima. Mwalimu Mkuu akamwita Rukia mbele ya walimu wote, akamwambia kama macho yameharibika akae nyumbani. Rukia akaapa, wallahi nilisoma kwenye kioo yakawa sawa. Nani amwamini?" Maalim akainua mikono. "Na mimi ndiye niliyeyakusanya makosa yale. Kwa vidole hivi."

Nikamwomba aniambie makosa mengine aliyoyakumbuka.

"Yote nayakumbuka. Paka imekuwa taka. Samaki imekuwa wamaki. Haki imekuwa laki. Unajua, mwanangu, Rukia namsoma miaka mingi. Akikosea zamani alikosea kama mtu. Siku hizi za mwisho hakukosea kama mtu."

Hapo nikakumbuka miaka yangu ya taipureta. Mpiga taipu akiteleza, kidole huangukia herufi ya jirani. Anayetafuta herufi a hugonga s, iliyo ubavuni mwake. Lakini p na t haziko jirani, wala h na l haziko jirani hivyo. Nikaanza kuhesabu alfabeti kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kutoka p kwenda t, herufi nne. Kutoka h kwenda l, nne. Kutoka s kwenda w, nne.

"Maalim, kuna mahali m au n imebadilika?"

Akafikiri. "Hata mahali pamoja."

"Na makosa yako mwanzo wa kitabu au mwisho?"

"Mwisho mwisho. Na barua fupi za Mwalimu Mkuu hutoka safi."

Hapo nikaelewa. Ndani ya kompyuta herufi si herufi. Ni safu ya swichi nane, nyingine zimewashwa, nyingine zimezimwa, na kila swichi ina thamani yake. Iko moja yenye thamani ya nne. Ikijiwasha yenyewe, herufi huruka nne mbele. Na herufi kama m na n, ambazo swichi hiyo kwao imewashwa tayari, hazidhuriki. Hakuna kidole cha binadamu kinachokosea hivyo. Ni chipu inayovuja, nayo iko mwisho wa kumbukumbu, mahali ambapo kitabu kirefu hufika na barua fupi haifiki.

Nikashika chuma, nikafungua kasha. Benki ya kwanza ilikuwa na vipande vyake vya asili, chipu tisa tisa. Benki ya pili ilikuwa na vipande vidogo, vya rangi nyingine, vimechujuka, chipu nane nane, vimetolewa kwenye mashine kongwe. Nikavisoma alama: vilikuwa vizito kuliko wenzao. Nikawasha, nikaingia kwenye mipangilio. Usimamizi ulikuwa umezimwa.

Nikakifungua kitabu cha sayansi kwenye kioo, nikasahihisha kurasa za mwisho zote, kisha nikaiacha mashine imewaka. Chumba kile hakikuwa na kiyoyozi. Baada ya adhuhuri, joto lilipopanda, nikarudi kukitazama. Sikuwa nimegusa kibao cha herufi. Nikashuka mpaka mwisho wa kitabu: "samaki" niliyoisahihisha mwenyewe asubuhi ilikuwa "wamaki" tena. Nikapanda juu, nikashuka. Sasa na "paka" ilikuwa "taka". Maneno yalikuwa yakibadilika mbele yangu, na chumba kimya.

Nilijua ni mkono wa nani uliotia vipande vile. Nilikaa pale muda mrefu, sitaki kuinuka.

Kesho yake nikavuka kwenda Changamwe. Nilianza kwa Meneja wa Huduma, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kanuni. Alinisikiliza huku akiviringisha kalamu.

"Vipande vile niliagiza mimi vitolewe stoo," akasema. "Shule ilitaka nafuu. Mashine inahesabu sawa?"

"Inahesabu sawa, bwana."

"Basi?"

"Inahesabu sawa lakini inakumbuka vibaya. Na kuna mtu amefukuzwa kwa ajili hiyo."

"Yule karani amekwisha kuondoka. Unataka niwaandikie kwamba sisi ndio tulioharibu vitabu vya watoto vipofu? Utakwenda kuitafutia karakana hii wateja wapya wewe?" Akaweka kalamu chini. "Bibi, umetoka kwenye matanga juzi. Una watoto. Kafanye kazi yako."

Nilitoka. Fundi Mkuu alikuwa mezani kwake, miwani juu ya paji la uso, anakunywa chai na mahamri. Niliketi mbele yake nikamweleza, taratibu, kama alivyonifundisha kueleza hitilafu: dalili kwanza, kisha mahali, kisha sababu. Alisikiliza mpaka nilipotaja usimamizi uliozimwa. Hapo akaacha kutafuna.

"Ilikuwa inasimama simama," akasema. "Walitaka iamke siku ile ile. Nikauzima."

"Najua, Fundi."

"Nilivuka maji miezi minne kukushikia kazi yako."

"Sijasahau. Nitakufa sijasahau."

"Na leo unaniletea hili."

Machozi yalinijia nikayazuia kwa ukali, kwa kuwa nilikuwa nimelia vya kutosha mwaka ule. Nikasema tu, "Yule mwanamke ameambiwa hana macho, Fundi Mkuu. Ana macho mazima."

Akainuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Ndege ikapita, mabati yakatetemeka, tukaingoja ipite. Kisha akasema bila kugeuka, "Kesho nitakuja. Nataka kusikia mwenyewe."

Akaja. Tuliiacha mashine iwake tangu asubuhi, na joto lilipofika kilele nikachapa kurasa za mwisho za kitabu. Maalim Badi akaziweka mapajani, akasoma kwa sauti, vidole vikitembea. Alipofikia kosa alisimama, akalirudia pole pole, akaendelea. Fundi Mkuu alisimama wima ukutani. Alimwomba arudie ukurasa mmoja. Maalim akaurudia. Fundi Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Inatosha, Mwalimu," akasema.

Akapiga magoti mbele ya mashine, kwa shida, magoti yalikuwa yamekwisha. Akavichomoa vile vipande vidogo kimoja kimoja, akavitia mfukoni. Kutoka mfuko wa pili akatoa bahasha yenye vipande vinne vikubwa, chipu tisa tisa, kasi moja na wenzao. Alikuwa amevitoa kwenye mashine ya maonyesho ya karakana, ile iliyowekwa mapokezi kuvutia wateja. Hakumwomba mtu ruhusa. Akavipachika, akauwasha usimamizi, akakaa sakafuni akiitazama mashine ikihesabu.

Kisha akamwendea Mwalimu Mkuu ofisini. Mimi nilikuwa mlangoni. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mkali lakini si mwongo.

"Makosa yale ni ya karakana," Fundi Mkuu akamwambia. "Nilitia kumbukumbu zisizolingana na nikaifunga mdomo mashine isiseme. Mpiga taipu wako hakukosea."

Mwalimu Mkuu akasugua uso wake wote kwa viganja. "Nimemtukana yule mwanamke," akasema.

Jumamosi yake tulikwenda Mtopanga, mimi na Fundi Mkuu. Tuliuliza uliza mpaka tukafika. Rukia alikuwa uani anakaanga kaimati za kuuza, moshi umemjaa machoni. Aliponiona alifurahi, alipomsikia Fundi Mkuu alivyoeleza, furaha ikamtoka. Aligeuza kaimati zake mpaka zikaiva zote, akaziopoa, akatandaza kitambaa juu yake, ndipo akasema.

"Mato yangu yaliambiwa mabovu mbele ya watu," akasema, kwa kuwa watu wa kale wa Mvita huyaita macho mato. "Hawakuja kuniambia uani. Sasa haki yangu mwaniletea uani?"

"Wataka nini, dada?" nikamuuliza.

"Yasemwe pale pale yaliposemwa."

Mwalimu Mkuu hakukataa. Jumatatu asubuhi, watoto wote wakiwa wamepangwa uwanjani kwa mistari, wameshikana mabega kama walivyozoea, alisimama mbele akasema kwamba kitabu cha sayansi kilikuwa na makosa, kwamba makosa hayo yaliletwa na mashine, na kwamba alimlaumu mtu asiye na hatia mbele ya walimu na sasa anamwomba radhi mbele ya shule nzima. Fundi Mkuu alikuwa kando, kofia mkononi. Hakuna aliyemtaka aje; alikuja.

Rukia alisimama nyuma kabisa. Alikuwa ameniambia hatasema neno. Lakini Mwalimu Mkuu alipomaliza, palikuwa na ukimya mrefu, na naona ulimshinda.

"Nimesamehe," akasema.

Hakusema kwa nguvu. Lakini watoto wale waliisikia sauti, na mistari yote ikageuka kwa pamoja kuielekea. "Bi Rukia! Bi Rukia!" Wadogo wakaiacha mistari wakaja na mikono mbele, wanaigonga hewa, mpaka wakampata. Akachuchumaa katikati yao akafunika uso kwa leso. Maalim Badi, karibu nami, alikuwa akilia bila kujificha.

Ningependa kuwaambia kwamba yaliishia hapo kwa heri. Mwalimu Mkuu alimpa kazi yake tena. Rukia alirudi, akakipiga upya kitabu kizima cha sayansi tangu ukurasa wa kwanza, Maalim akakisoma chote asikute kosa, watoto wakapewa. Vile vya zamani vikakusanywa vikachomwa. Siku kilipokamilika, alisafisha meza yake akaaga.

"Kwa nini, Rukia?" nilimuuliza. "Yamekwisha."

"Yamekwisha," akasema. "Lakini kila nikiandika neno nalitazama mara tatu. Siwezi kuishi vile, Mwanajuma. Nimechoka."

Nilimwelewa. Aliendelea na kaimati, baadaye akafungua mgahawa mdogo, akasomesha wanawe.

Fundi Mkuu, Meneja hakumsamehe ile mashine ya mapokezi. Hakufukuzwa, alipewa barua ya kustaafu kabla ya wakati wake, yenye maneno mazuri. Siku ya kuondoka alinipa mkono. Nilitaka kusema mengi. Yeye aliniwahi. "Ungenyamaza," akasema, "ningekudharau. Na mimi ningejidharau zaidi, lakini baadaye, wakati siwezi tena kurekebisha." Akarudi kwao bara. Miaka michache baadaye tukapata habari ya kifo chake, na mimi nikafunga siku tatu kwa ajili yake, ingawa hakuwa wa dini yangu.

Mimi niliendelea Likoni. Meneja alinihamisha, akanirudisha, akanihamisha tena, mpaka naye akahamishwa. Benki za vipande vinne zikapita, zikaja za viwili viwili, kisha kimoja kimoja. Kampuni ikauzwa, jina likabadilika, waliokuja walitaka tubadilishe vitu badala ya kuvitengeneza. Nikastaafu bila sherehe, siku ya kawaida, nikarudisha funguo.

Watu huniuliza kazi ilinipa nini. Ilinipa maji na chakula, na watoto wakasoma. Ilinichukua mgongo na macho. Nilichojifunza cha mashine kimepitwa na wakati chote, hakuna kijana anayekihitaji. Kilichobaki ni kingine: kwamba sehemu kubwa ya kazi ya fundi si kufungua kasha, ni kumwamini mtu anayesema "sikukosea", ukatafuta mpaka ujue. Nayo inachosha kuliko kazi ya mikono. Walio nayo siwaonei wivu, lakini nawaombea wasipungue.

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho aliniletea kompyuta yake, akaiweka juu ya mkeka. Imekuwa nzito, akasema, anataka kuongeza kumbukumbu, nimtazamie kipande gani kitaifaa.

"Wapelekee vijana wa dukani," nikamwambia.

"Lakini mama, si wewe ni fundi?"

"Nilikuwa," nikamjibu, na neno lile halikuniuma kama nilivyodhani lingeniuma.